Protini ya Dada

9 Februari

Sponji mdogo wangu,

Jana mchana nilikuwa kantini ya kiwanda, televisheni iko ukutani na sauti imepunguzwa, nikamwona Koti. Amekaa mbele ya vipaza sauti vinne, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, utadhani hata kwenye mkutano wa waandishi kuna seli zinaweza kumrukia. Nikamwomba mpishi aongeze sauti. Afadhali nisingemwomba.

Alisema taasisi yao imegundua protini ndani ya seli za ini ambayo kirusi cha homa ya ini hakiwezi kuishi bila yake. Halafu akatabasamu, akasema, "Sisi pale maabara tunaiita Mama Mwenye Nyumba." Sisi, anasema. Jina hilo ulilitoa wewe, kwenye karakana yako, misumari midogo imejaa mdomoni, nilipokueleza kwamba kirusi kikiingia kwenye ini hakiji na vyombo vyake, kinalelewa na hiyo protini. Ukasema, "Kumbe huyo ni mama mwenye nyumba, na mpangaji wake halipi wala hahami." Nilicheka nikalipeleka jina kazini. Miaka saba nimekaa na ile protini, nikiijua kuliko ninavyowajua majirani zangu.

Na Koti nilimfundisha mimi. Alikuja hajui hata kushika pipeti. Mkurugenzi alipotaka mradi uongozwe na mtu mwenye sura ya kuonyesha wageni, jina langu lilitolewa kwenye ripoti, mimi nikapewa barua ya shukrani na Koti akapewa ofisi yangu. Leo napima mafuta kwenye maziwa.

Sasa nisikilize. Hawa watu hawatafika mbali. Siku nafungasha vitu vyangu niliona jambo kuhusu ile dawa yao wanayoiita namba kumi na saba, na sikumwambia mtu. Wewe pia sikwambii, maana karakana yako haina mlango na mdomo wako vilevile. Nataka Koti apande mpaka juu kabisa, watu wote wamtazame, halafu aanguke nikiwa nimekaa mbele. Mama alipokufa, tumbo limejaa maji na macho ya manjano, nilikula kiapo kwamba nitakilipiza kisasi kile kirusi. Koti amenipokonya hicho kisasi. Basi kimehamia kwake.

Vidonge unameza? Kila asubuhi, bila kuruka. Najua havikuponyi, lakini ndivyo vinavyokilaza hicho kirusi alichokuachia mama. Msalimie wifi yangu.

Dada yako


17 Februari

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekalia fremu ya kochi la mwalimu mkuu mmoja. Mbwa wake ametafuna mkono wa kochi na yeye anataka nimwambie mkewe kwamba kitambaa kilikuwa kibovu tangu dukani. Nimekataa, lakini naona kesho nitakubali.

Pole sana. Sisi pia tulimwona huyo Koti wako. Wifi yako aliwaita majirani watatu waje kutazama, akawaambia hiyo protini ni ya wifi yake. Hawakumwamini, ila chai yote waliinywa.

Lakini nikwambie kitu, na usininunie. Hilo la kusema dawa yao ina walakini, mimi naona ni hasira tu. Wewe nakujua. Ulipokosa nafasi ya kwanza shuleni ulisema mtihani ulivuja. Ulipoachana na yule jamaa wa benki ulisema ana matege, na sote tulimwona, hana matege. Protini ni ile ile, umeitoa wewe. Dawa ikifanya kazi umeshinda wewe, hata kama anayepigwa picha ni mwingine.

Na mimi ningependa ifanye kazi. Nimechoka kumeza vidonge nimegeukia ukuta. Mwaka jana mteja alisikia nina homa ya ini, akarudisha mito minne akidai inaambukiza. Mito ya kochi, dada. Nataka siku moja daktari anitazame usoni aniambie hakipo, kimehama. Sijui kama unaelewa hamu hiyo, wewe uliyezaliwa mama akiwa mzima.

Vidonge nameza. Usiniulize kila barua kama askari wa gereza.

Sponji


26 Februari

Mwalimu,

Namba yangu umeifungia na barua pepe zinarudi, ndiyo maana natumia karatasi. Kuhusu ripoti sina uso wa kujitetea. Mkurugenzi aliposoma majina mbele yetu na lako halimo, nilitazama viatu vyangu. Nilinyamaza nikapandishwa cheo. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Nakuandikia kwa sababu kuna kitu kinaninyima raha na hapa hakuna wa kumuuliza. Unakumbuka tunavyopima. Kirusi tumekipandikizia jeni ya kung'aa, seli za ini zikiambukizwa zinatoa mwanga, na dawa ikimzuia Mama Mwenye Nyumba asifanye kazi yake mwanga unazimika. Namba kumi na saba inauzima kuliko dawa yoyote tuliyowahi kujaribu. Visahani vinakuwa giza tupu. Lakini kwa wale panya waliopandikizwa ini la binadamu, hesabu hazitulii. Wiki hii kirusi kinashuka, wiki ijayo kimerudi kilipokuwa.

Mkurugenzi anasema panya ni wabovu. Mwishoni mwa Aprili tunaanza kuwapa dawa watu ishirini wa kujitolea, wote ambao hawajawahi kutumia vidonge vya kawaida. Kabla ya siku hiyo nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeijua protini hii. Kuna kitu hatukioni?

Ukiniambia nisimame, nitasimama.

Mwanafunzi wako


6 Machi

Mwanafunzi wangu,

Nimefurahi kusikia kutoka kwako kuliko unavyoweza kudhani. Ya nyuma tuyaache nyuma. Kiwandani hapa ni pazuri, maziwa hayana majungu.

Kuhusu panya, umesahau niliyokufundisha. Ini la kupandikizwa ndani ya panya ni mgeni nyumbani kwa watu, siku moja limechangamka, siku nyingine limenuna. Hesabu zao zilinisumbua hata mimi. Wewe amini visahani. Umeona giza, na giza hilo umelisubiri kwa miaka.

Usisimame. Mtu aliyefika ulipofika akisita, watasema hakuwahi kujiamini. Waanze hao watu ishirini. Siku ya kutangaza matokeo nialike, na uniwekee kiti cha mbele.

Mwalimu wako


6 Machi

Sponji,

Utashangaa. Koti ameniandikia, kwa mkono wake, akaniita Mwalimu. Anaomba ushauri. Nimemjibu kwa upole mpaka mwenyewe nikajicheka, nikamwambia aendelee na watu wake ishirini na asimsikilize mtu. Usiniulize zaidi. Siku ya matokeo utakaa pembeni yangu, uvae lile shati lako la harusi.

Hao watu ishirini wasikutie huruma. Dawa yenyewe ni salama, usalama wake nilihakikisha mimi mwenyewe, hata mtoto haiwezi kumdhuru. Na wanachukua tu watu ambao hawajawahi kugusa vidonge. Hakuna atakayepoteza chochote, isipokuwa mmoja.

Leo nimepima sampuli zangu zote huku naimba. Msaidizi wangu ameniuliza kama nimepata mchumba.

Dada yako


15 Machi

Daktari,

Hunijui. Mimi ni fundi makochi, na yule aliyekufundisha kushika pipeti ni dada yangu wa tumbo moja. Nina homa ya ini aina B tangu kuzaliwa, nilirithi kwa mama. Naomba niwe mmoja wa watu wako ishirini.

Dada ameniandikia kwamba mmepatana na kwamba amekuambia uendelee. Amesema pia kwamba dawa ni salama na usalama wake aliuhakikisha yeye. Kwangu hayo yanatosha kuliko fomu yoyote. Jina la Mama Mwenye Nyumba, kama hukujua, nililitoa mimi. Naona si haki akae nyumbani kwangu halafu aanze kufukuza wapangaji wa watu wengine kwanza.

Vidonge vya kawaida sijawahi kumeza. Dada anadhani nameza, viliniogopesha tu tangu mwanzo. Nakuomba usimwambie kitu mpaka matokeo yatoke. Dada yangu ana uchungu mwingi moyoni kwa ajili ya mambo ya taasisi yenu. Nataka siku hiyo nisimame mbele yake nikiwa nimepona kwa protini yake, labda uchungu huo utamtoka. Maneno tumeshayajaribu, hayasaidii.

Fundi, anayeitwa Sponji


24 Machi

Fundi,

Kwa kawaida ndugu wa mtafiti tunamkataa. Lakini dada yako hayupo tena hapa, na jina lake halimo kwenye karatasi yoyote, kwa hiyo kwa sheria huna undugu na mtu. Naandika haya kwa aibu.

Njoo wiki ya pili ya Aprili tukupime damu. Tukikuta kirusi kiko juu na ini linafanya kazi, utaanza na wenzako. Siri yako nitaitunza. Sikumpa Mwalimu chochote alipohitaji, labda hiki nitaweza kumpa.

Koti. Najua mnaniita hivyo.


30 Aprili

Sponji,

Wiki kumi hujaniandikia, umekufa au umepata wateja? Simu nayo hupokei. Nimekutumia vidonge vya miezi mitatu kupitia kwa dereva wa lori la maziwa. Aliniambia alimkabidhi wifi, na kwamba wifi alivipokea shingo upande. Mna ugomvi?

Koti ameniandikia kwamba wameanza. Ana furaha ya mtoto. Anasema Septemba atasimama mbele ya wataalamu kutoka nchi kumi, na Mkurugenzi atakuwa pembeni yake. Nimeshanunua gauni. Ni la kijani, lina mikono mirefu, ni zuri mno kwa mazishi ya jina la mtu. Nikilala naota swali nitakalomuuliza. Ni swali fupi, halifiki maneno kumi, na baada ya hapo hatapata kazi hata ya kuosha chupa.

Unaniona mbaya, najua. Mama angekuwa hai angenikalisha chini. Lakini mama hayupo, na walionipokonya kazi niliyoifanya kwa ajili yake wanapigiwa makofi. Niache nifurahi kidogo.

Niandikie.

Dada yako


21 Mei

Dada yangu,

Simu yangu imekufa kifo cha ajabu, iliangukia kwenye ndoo ya gundi. Nimejaribu kuichokonoa kwa bisibisi, sasa ni kipande cha ukuta. Ndiyo maana kimya. Na kuna sababu nyingine, ambayo nilitaka kuitunza mpaka Septemba ila siwezi tena, inanitekenya.

Mimi ni mmoja wa watu ishirini. Nakuandikia nikiwa kwenye kitanda cha taasisi yako ya zamani, wadi ya ghorofa ya pili, dirisha linatazama maegesho. Namba kumi na saba naimeza kila siku, na wa kwanza kumeza nilikuwa mimi. Niliwaambia wenzangu wote kwamba hii ni protini ya dada yangu. Koti alikuwepo na hakunikatalia.

Usinigombeze kuhusu vidonge. Niliviacha wiki ile ile uliponiandikia kwamba dawa ni salama, ili damu yangu isinisaliti wakati wa kupimwa. Niliwaambia sijawahi kuvitumia. Wifi yako hakupenda, ndiyo sababu ya ile shingo upande.

Mwili umechoka sana hizi wiki mbili, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Chakula sitaki hata kukinusa. Jana wifi yako alisema macho yangu yana umanjano, nikamwambia ni taa za wadi. Nadhani ni dawa inapigana na mpangaji, hawezi kutoka bila kuvunja vyombo. Wauguzi wamechukua damu nyingine leo.

Nilitaka ufurahi. Gauni la kijani ulivae, lakini kwa sababu nyingine.

Sponji


24 Mei

Koti,

Barua hii nimempa dereva wa lori la maziwa akukabidhi mkononi, nami nipo njiani kwa basi. Namba yako niliifuta, ya taasisi inaita bila kupokelewa. Isome ukiwa umesimama.

Mdogo wangu aliyeko wadini kwako alikudanganya. Amemeza vidonge vya kawaida kwa miaka sita na akaviacha mwezi Machi. Kirusi kilichokuwa kimelala kimeamka, mwili wake unakishambulia, na kinachoumia katika vita hiyo ni ini. Mrudishie vidonge sasa hivi. Mpime ini na kuganda kwa damu, na umwite daktari bingwa. Usingoje kikao cha mtu yeyote.

Dawa yako haimsaidii na haitamsaidia mtu. Siku nafungasha vitu vyangu nilichukua kichupa cha ile kemikali ya kung'aa, pamoja na kimeng'enya chake, kile kinachotengenezwa na ile jeni ya kung'aa, nikadondosha namba kumi na saba. Hapakuwa na seli. Hapakuwa na kirusi wala protini. Mwanga ukazimika papo hapo. Dawa yako inanyonga kile kimeng'enya cha kutoa mwanga, basi. Mama Mwenye Nyumba hajaguswa. Mpangaji yuko chumbani kwake, nyinyi mmezima taa ya koridoni mkadhani amehama. Panya walikuwa wanakwambia kweli.

Nilijua ulipotangaza Februari, na nilijua uliponiuliza. Nilikudanganya kwa makusudi ili uaibike mbele ya watu. Nilijiambia hakuna atakayepoteza kitu isipokuwa wewe. Chuki yangu kwako iko pale pale na sikuandikii kwa kukuonea huruma. Fanya utakavyo na barua hii, lakini mpe mdogo wangu vidonge kwanza.

Mwalimu


3 Juni

Mwalimu,

Lori lilifika saa nne asubuhi. Saa tano mdogo wako alikuwa ameshameza kidonge na daktari bingwa yuko njiani. Hilo nililifanya kabla ya kukasirika, nataka ulijue.

Majaribio nimeyasimamisha siku hiyo hiyo. Niliwakusanya watu wote ishirini kwenye ukumbi wa mikutano, wanaoweza kutembea kwa miguu yao na mdogo wako kwenye kiti cha magurudumu. Kwanza nikawasomea barua yako ya Machi, ile ya ini lililonuna na giza nililolisubiri kwa miaka. Baada yake nikawasomea hii iliyokuja na lori, neno kwa neno. Jina lako sikulitaja. Lakini uliandika "mdogo wangu", na yeye alikuwa amewasimulia wote habari za dada yake. Waligeuka wakamtazama. Ningeweza kumrudisha wadini kwanza, ndipo niwasomee. Nilimwona pale safu ya pili, nikafikiri, nikaamua asikie na yeye.

Mimi nimefukuzwa, na ni haki yangu. Nilipaswa kuwaamini panya. Mkurugenzi amesema hataki kusikia tena jina la hiyo protini ndani ya jengo hili. Friji za seli zimezimwa na chupa zote zimetupwa, zako pia, zile za mwanzo zenye mwandiko wako kwenye vifuniko. Ulikuwa sahihi kuhusu Mama Mwenye Nyumba, na sasa hakuna atakayejaribu dawa nyingine juu yake kwa sababu watasema tulishajaribu ikashindikana.

Ulitaka jina lako litangulie langu kwenye ripoti. Limetangulia. Ni ripoti ya kamati ya maadili, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, na mimi nipo chini yako.

Uliandika kwamba chuki yako iko pale pale. Yangu ndiyo kwanza imeanza.

Koti


25 Juni

Dada,

Nilikuona. Wadi ile ina kioo mlangoni, na siku tatu ulikuwa umekaa kwenye benchi la koridoni na mkoba wako magotini. Nesi alikuja kusema nimelala. Nilimtuma mimi, na nilikuwa nimekaa kitako nakutazama.

Kule ukumbini, Koti alipoanza kusoma, sikujua ni nani. Niliposikia kuhusu ini kununa nilitaka kucheka, nikafikiri huyu mtu anaongea kama dada. Halafu nikaelewa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja anayeuza viatu, ana watoto wanne, alijitolea kwa sababu vidonge havipatikani kwao. Hakunitukana. Aliniuliza, "Sisi dada yako tulimkosea nini?" Nimetafuta jibu mpaka leo. Watu kumi na tisa walikuwa wakimeza kitu ambacho wewe ulijua si kitu, kila siku, kwa matumaini, na wewe unaimba kiwandani.

Usiniambie ungesema kama ungejua nipo mimi. Najua ungesema. Hapo ndipo panaponiuma. Mimi nilikuwa nawaambia watu wadini kwamba dada yangu anakichukia hiki kirusi kuliko mtu yeyote duniani. Ulikuwa na nafasi ya kukipiga, ukaiacha ili umpige mtu mwenye koti. Neno moja tu ungeniandikia mwezi Februari, kwamba ile dawa inazima taa, ningecheka, ningewasimulia mtaa mzima, na leo ningekuwa nashona mito.

Nilivyokuwa naumwa sitakusimulia. Wifi yako aliona, na yeye amesema hataki kukuona machoni.

Juzi majibu ya ini langu yalitoka, yale ya mwisho. Daktari bingwa alivuta kiti, akanieleza yote, nikamuuliza kila kitu nilichotaka kuuliza. Sasa najua ini limebaki kiasi gani, na najua kama nina miaka mingi au michache. Wifi yako anajua. Koti anajua, alikuja kunitazama. Hata mhudumu wa wadi anayesafisha sakafu anajua, maana nilimwambia mwenyewe.

Wewe sitakwambia. Nimewakataza wote, na wamekubali bila kubembelezwa. Usipige simu, usitume lori, usije kukaa kwenye benchi. Barua zako nitazirudisha bila kuzifungua, na siku zikirudi usidhani hiyo ni dalili ya lolote, maana nimeshamwagiza wifi yako aendelee kuzirudisha hata kama mimi sipo.

Uliweza kukaa na jambo unalolijua na usiseme. Sasa kaa na jambo usilolijua. Kila asubuhi ukienda kupima maziwa yako, jiulize kama bado nipo.

Mdogo wako